Mto wa Bibi Cuca

Siku Bibi Cuca aliposema kwamba chini ya chumba chake kunapita mto, mwanawe Efraín aliweka kijiko mezani, akatoka uani, akampigia simu dada yake. Lety, mkewe, alimwona kupitia dirisha la jikoni akienda na kurudi kando ya mlimau, mkono mmoja kisogoni, na hakuhitaji kusikia maneno ili ajue yanayosemwa. Tucson, mji wa jangwani kusini mwa Arizona, haina mto unaopita chini ya nyumba ya mtu. Hata mto wenyewe wa mji ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na watu hutembeza mbwa wao humo.

"Mama anasikia mito sasa," Efraín alisema aliporudi ndani. Bibi Cuca alikuwa ameshaingia chumbani kwake. "Norma atakuja kumchukua Jumamosi."

"Kumpeleka wapi?"

"Yuma. Kwanza kwake, halafu kuna nyumba ya wazee karibu na kanisa lao. Wamesema nafasi ipo."

Lety alikuwa akifunika tortilla, zile chapati nyembamba, kwa kitambaa zisipoe. "Umemwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Lety, tafadhali."

Mambo yalikuwa yameanza mwisho wa majira ya baridi, ankara ya maji ilipopanda bila sababu. Efraín ni fundi wa injini za mabasi ya jiji, na kwake hakuna kinachoharibika bure. Kila kitu kina chanzo, na chanzo hupatikana kwa mkono. Alipanda juu ya paa akakagua boya la kipoza hewa, maana vipoza hewa vya huku hunywa maji kama ngamia. Kilikuwa kizima. Alifuata mpira wa kumwagilia mlimau kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitia rangi ya keki kwenye matangi ya vyoo vyote viwili akangoja aone kama itashuka bakulini. Haikushuka. Ankara iliyofuata ikapanda tena.

Halafu asubuhi moja akakuta bomba la jikoni linamwaga maji na hakuna mtu. Mama yake alikuwa chumbani anasikiliza redio. Siku chache baadaye akalikuta tena. Kisha ikawa jiko la gesi, moto unawaka chini ya kikaango kitupu hadi kimegeuka rangi. Hapo Efraín akafunga hesabu. Chanzo kimepatikana, nacho kilikuwa kimevaa kandambili na joho la maua.

Jumapili moja, mama yake akiwa misani, aling'oa mikono ya bomba la bafu lake, ule wa maji moto na ule wa maji baridi, akaitia mfukoni. Lety ndiye aliyemmulikia tochi. Tangu siku hiyo Bibi Cuca akitaka kuoga ilimbidi aombe. Mwanamke aliyeshonea nusu ya mabibi harusi wa upande wa kusini wa mji, aliyewahi kumfukuza padri dukani kwake kwa kukosoa shela, sasa alisimama mlangoni mwa sebule na taulo begani akingoja mtu amfungulie maji. Hakulalamika. Aliacha tu kuoga kila siku.

Lety na mavyaa wake hawakuwahi kugombana, wala hawakuwahi kupendana. Waliishi kama majirani wanaotumia ukuta mmoja: salamu zipo, chumvi huombwa, na kila mtu na kwake. Kwa hiyo shule ilipofungwa, na jiko la shule analopikia Lety likafungwa nayo, wanawake hao wawili walijikuta wako peke yao nyumbani mchana kutwa, kila mmoja akijua zaidi ya anayosema.

Jumatano, Lety alikuwa akipiga deki ushorobani. Ni ushoroba mfupi wa vigae vyeupe, unaotoka jikoni kupita bafuni hadi chumba cha Bibi Cuca. Alifika mwisho, akageuka kuchukua ndoo, akaona jambo. Sakafu yote ilikuwa bado inang'aa kwa maji isipokuwa sehemu moja, kama ukubwa wa sinia, iliyokwisha kukauka. Alipitisha deki tena. Akasimama akitazama. Pale pale pakakauka kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Alivua kiatu, akakanyaga. Kigae kilikuwa na uvuguvugu. Jua halifiki ushorobani. Alihamisha mguu hatua moja, kigae kikawa baridi. Akarudi, joto lipo.

"Umepaona," alisema Bibi Cuca. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mkono kwenye kizingiti.

"Mama ulikuwa unapajua?"

"Mimi natembea pekupeku humu ndani. Nyinyi na viatu vyenu mtajua nini?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema kuna mto. Mwanangu akaenda kumpigia simu Norma." Alimtazama Lety usoni bila kupepesa. "Mnadhani sisikii? Kama nasikia maji yaliyo chini ya zege, nitashindwa kusikia simu iliyo chini ya mlimau?"

 Lety alivaa kiatu chake polepole, akasikia kutoka kwenye kijichumba cha nje mngurumo mdogo wa gesi: tangi la maji moto lilikuwa limejiwasha. Hakuna aliyekuwa anaoga. Hakuna aliyekuwa anafua wala anaosha vyombo. Akajaribu kukumbuka ni mara ngapi amelisikia likiunguruma hivyo mchana, nyumba ikiwa imetulia, akashangaa kwamba hakuwahi kujiuliza linamchemshia nani.

"Mama," alisema, "hebu kaa kwenye kiti hapo mlangoni. Usiguse bomba lolote. Nataka nikitoka nirudi nikukute hapo hapo."

"Na nikibanwa na haja?"

"Jikaze kidogo."

Bibi Cuca aliburuta kiti, akakaa, akaweka mikono yake miwili juu ya mapaja, viganja juu, kama mtu anayeonyesha polisi kwamba hana silaha.

Mita ya maji iko mbele ya nyumba, ndani ya shimo lenye kifuniko kando ya barabara. Jua la mchana lilikuwa limekichoma kifuniko hata ikabidi Lety akiinue kwa glavu ya kutolea vitu kwenye oveni. Buibui mweusi alijivuta kwenye kona yake. Lety alimfukuza kwa bisibisi, akapangusa vumbi kwenye kioo, akainama. Kwenye uso wa mita kuna kipembetatu chekundu, kidogo kama punje ya mchele, ambacho huzunguka maji yanapopita. Kilikuwa kinazunguka. Hakikwenda kasi. Kilizunguka taratibu, bila kusita, kama mtu mwenye kazi ya siku nzima asiye na haraka nayo.

Alirudi ndani akafunga koki moja moja: za vyoo, ya mashine ya kufulia, ya bomba linalopanda kwenye kipoza hewa. Nyumba ikaanza kupata joto mara moja. Bibi Cuca alikuwa pale pale.

"Sijagusa kitu," alisema.

"Najua, Mama."

Alitoka akatazama. Kipembetatu kinazunguka vile vile. Akaenda kwenye kijichumba cha nje, akafuata kwa kidole bomba linaloingiza maji baridi kwenye tangi la maji moto, akapata koki yake. Ilikuwa haijaguswa tangu nyumba ijengwe, pengine. Aliizungushia kitambaa, akaikaza kwa mikono miwili mpaka ikakubali, kisha akaenda barabarani mara ya tatu, jasho likimtiririka mgongoni, akapiga magoti juu ya changarawe.

Kipembetatu kilikuwa kimesimama.

Akakitazama kwa muda mrefu, akiogopa kisije kikaanza tena. Hakikuanza. Basi maji yalikuwa yanatoroka upande wa maji moto, baada ya tangi, mahali ambapo bomba limezikwa chini ya sakafu. Hakukuwa na mkono wa mtu hapo. Miezi yote hiyo. Alikumbuka tochi aliyoshika bafuni, jinsi alivyoisogeza kushoto ili Efraín aone skrubu vizuri, na uso ukamwaka moto ambao haukutoka juani.

Efraín aliporudi kazini hakuamini. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, akasema huenda ni hewa ndani ya bomba, huenda mita ni mbovu. Lety alimpa bisibisi na glavu, akamwambia, "Nenda kaone mwenyewe. Wewe si ndiye husema kila kitu kina chanzo?"

Alikwenda. Alifungua koki ya tangi, akaenda kutazama mita. Akafunga, akaenda kutazama tena. Alirudia hivyo hadi jirani aliyekuwa akipita na mbwa wake akamwuliza kama amepoteza kitu. Mwishowe Lety alimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, kifuniko kando yake.

"Baba naye ilianza hivi hivi," alisema bila kuinua macho. "Vitu vidogo. Bomba. Funguo. Mimi nikasema ni uzee tu."

Lety alikaa. Alijua yaliyofuata, ingawa mumewe hakuyasimulia hata siku moja. Baba yake alitoka nyumbani asubuhi moja ya Juni, akaonekana jioni kando ya barabara kuu ya kwenda Nogales, midomo imepasuka kwa jua, hajui jina lake. Efraín ndiye aliyekwenda kumchukua. Lety ndiye aliyefua nguo alizorudi nazo.

"Nilitaka safari hii niwahi," Efraín alisema.

"Umewahi. Ila umewahi mahali pasipo penyewe."

Fundi alikuja kesho yake asubuhi. Aliitwa Harlan Antone, Mtohono O'odham, mmoja wa wenyeji wa asili wa jangwa hilo, kutoka mji wa Sells, mtu mnene mwenye nywele zilizofungwa nyuma na maneno mengi. Alikuja na chombo kama sahani ya chuma chenye waya unaokwenda kwenye vifaa vya masikioni. Aliwaomba wote wanyamaze na wazime kipoza hewa, akaanza kuiweka sahani sakafuni, hatua kwa hatua, macho ameyafumba.

"Ni huku," alisema Bibi Cuca akionyesha chini ya kitanda chake. "Kila siku nausikia hapa."

Antone aliingia chumbani, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hapa ni sauti tu, bibi. Sauti inatembea na bomba kama umbeya. Inasikika zaidi kwa jirani kuliko ilikozaliwa." Alirudi ushorobani, akaisogeza sahani kidogo kidogo, akafika kwenye kigae chenye joto, akakipita, akarudi nyuma kiasi cha shubiri moja. Akachora duara kwa penseli. "Mimi kazi yangu ni hapa."

"Una hakika?" Efraín aliuliza.

"Nikikosea nitakutengenezea sakafu bure, halafu nitakwambia ulikuwa unataka vigae vipya siku nyingi."

Walitundika mashuka milangoni kuzuia vumbi. Antone alikata vigae, kisha akaiwasha mashine ya kupasulia zege, na nyumba nzima ikatetemeka hata sahani zikagongana kabatini. Bibi Cuca alikataa kwenda kwa jirani. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, kitambaa puani, kama mtu aliyekata tiketi ya mbele.

Chini ya zege udongo ulikuwa umegeuka uji. Antone alichota kwa kopo, akachota tena, mvuke mwembamba ukipanda usoni mwake. Maji yalikuwa yamekula ardhi hata pakawa na uwazi chini ya sakafu, mtu angeweza kuingiza mkono hadi kiwikoni. Bomba la shaba lilipojitokeza alilipangusa kwa kidole gumba na kumwita Efraín atazame. Waliojenga nyumba walikuwa wamelilaza juu ya jiwe. Kila maji moto yalipopita, bomba lilitanuka na kujisugua, likapoa na kujisugua tena, miaka na miaka, hadi likatoboka. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, sindano ingelijaza.

"Hilo tu?" Efraín alisema.

"Hilo tu."

Bibi Cuca aliinuka. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo kwa shida, Lety akimshika kwapani, akachovya vidole katika ule uji wa vuguvugu. Akaviinua akavitazama.

"Basi si mto," alisema. "Ni kijito. Nilitia chumvi."

Antone alicheka peke yake. Kisha akakata kipande cha bomba kilichotoboka, akasugua ncha hadi zikang'aa, akaingiza kipande kipya na kukilehemu, moto wake wa buluu ukiunguruma ndani ya shimo. Alilivika bomba sponji pale lilipokuwa linagusa jiwe, na jiwe lenyewe akaling'oa. Lety akaenda kufungua koki. Walingoja wote wanne wakiwa wameinama juu ya shimo. Kiungo kilibaki kikavu. Kule barabarani kipembetatu kilikuwa kimesimama.

"Nitawaambia ukweli," Antone alisema akikusanya vyombo. "Bomba hili limezeeka lote. Leo limetoboka hapa, mwaka kesho litatoboka kwingine. Hali ya hewa ikipoa niiteni, tupitishe jipya darini na hili tuliache life kwa amani."

Alijaza udongo, akaushindilia, akamwaga zege jipya, akaondoka.

Efraín aliingia bafuni kwa mama yake na bisibisi. Alirudisha mikono ya bomba yote miwili, akaijaribu, akaipangusa. Alipotoka, Bibi Cuca alikuwa amesimama ushorobani na taulo begani.

"Mama, nisamehe."

"Nitakapomaliza kuoga nitafikiria," alisema, akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo.

Jioni hiyo Lety alimkuta jikoni akichambua maharage. Aliketi upande wa pili wa meza, akavuta sehemu ya rundo, akaanza kuchambua naye.

"Mimi ndiye niliyemmulikia tochi," alisema.

"Najua. Yule hawezi kufungua skrubu gizani, tangu mtoto." Bibi Cuca alitupa kijiwe kwenye kisosi. "Na lile jiko ni mimi. Na bomba la humu jikoni. Mara zote mbili. Sikumbuki kuyafungua, lakini nani mwingine?" Mikono yake iliendelea kuchambua. "Nilipoanza kusikia maji nikasema, ndiyo yale yale, Cuca, kichwa kinavuja. Nililala nikiziba masikio. Wewe ulipokanyaga pale na uso wako ukabadilika, sijui kama nilifurahi zaidi kwa sababu kuna maji au kwa sababu si mimi."

"Umeshamwambia Efraín?"

"Kwamba naogopa? Hapana. Atapiga simu."

Lety alicheka kabla hajajizuia, na Bibi Cuca naye akacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Norma alikuja Jumamosi na maboksi matupu nyuma ya gari. Alikuwa amepanga kila kitu na hakupenda kupanguliwa. Alitazama zege jipya ushorobani, akasema vizuri, bomba limepona, lakini je, jiko? Na mwakani? Walikaa mezani, wakala, na kwa mara ya kwanza jambo hilo likazungumzwa mwenyewe akiwepo.

"Niulizeni mimi," Bibi Cuca alisema. "Niko hapa."

Basi wakamwuliza. Alisema kweli anasahau. Alisema atakwenda kwa daktari, lakini atakwenda na Lety, si na watoto wake, kwa sababu Lety haanzi kulia kabla ya jibu. Alisema jiko lizimwe kwa koki ya ukutani kama hakuna mtu mwingine nyumbani, hilo analikubali. Na kuhusu Yuma, alisema Yuma kuna joto kuliko Tucson, na bingo ya kanisa lao anaijua, inaendeshwa na wezi.

"Mama," Norma alisema.

"Nilicheza huko Pasaka. Najua ninachosema."

Norma alirudi kwao na maboksi yake, hakuridhika, ila alimbusu mama yake kwenye paji la uso na kukaa ndani ya gari kitambo kabla ya kuliwasha.

Daktari alisema usahaulifu upo, bado mdogo, na kwamba hakuna anayeweza kuapa utakwenda kwa mwendo gani. Lety alimsimulia Efraín mbele ya mama yake, neno kwa neno. Efraín alisikiliza hadi mwisho. Safari hii hakutoka kwenda uani. Aliuliza maswali mawili, kisha akamwuliza mama yake vigae vya kuziba ushoroba anavitaka vya rangi gani, maana vile vyeupe vya zamani havitengenezwi tena.

"Buluu," alisema Bibi Cuca. "Nivione hata nikisahau miwani."

Wakaenda dukani kuvichagua wote watatu.